Kifuko cha Likoni

Juzi binti yangu alimwaga gundi kwenye meza ya kulia, na kabla sijafungua mdomo kumkaripia, harufu yake ikanishika. Haikuwa gundi hizi za siku hizi zinazonukia peremende. Ilikuwa ile ya kahawia, nzito, ya maofisini, sijui mwalimu wake aliipata wapi. Nilifuta meza taratibu kuliko ilivyohitajika. Harufu ile ni ya baba yangu, na ni ya likizo moja ya Agosti nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, tukiwa Garissa.

Wenzangu mliokulia kule mnakumbuka Agosti ilikuwaje. Shule zikifungwa, watoto walipelekwa malishoni kwa jamaa zao, wakanywe maziwa ya ngamia mpaka mashavu yavimbe, kisha warudi mjini na hadithi za fisi. Mimi nilikuwa nikipelekwa Habaswein kwa ayeeyo, bibi yangu mzaa mama. Lakini ayeeyo alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na sikujua likizo hiyo ningepelekwa wapi. Ndipo jioni moja Aabo, yaani baba, akaja kutoka kazini na karatasi kubwa ya kaki chini ya kwapa. Alikuwa karani katika ofisi ya mifugo. Aliitandaza sakafuni, akaunganisha vipande viwili kwa gundi ile, akaibandika ukutani sebuleni, akachora mstari mrefu kwa penseli nyekundu.

Mstari ulianzia Garissa. Ukaenda Nairobi, kwa basi. Kutoka Nairobi ukashuka mpaka Mombasa, kwa treni, na hapo alichora vijumba vidogo vyenye magurudumu, kimoja nyuma ya kingine. Kutoka Mombasa ukavuka maji mpaka Likoni. Kisha ukapanda Malindi, ukafuata Mto Tana, ukavuka tena kwa boti mpaka Masalani kwa binamu yake, na ukarudi nyumbani Garissa. Miji yote hiyo likizo moja. Nilikaa chini ya karatasi hiyo kama mtu anayeota jua.

Aabo alikuwa na desturi ya kuongea Kisomali katika mambo ya nyumbani na Kiswahili katika mambo aliyoyaona ya kiofisi. Safari hiyo aliiona ya kiofisi. Akasimama na rula, akaniambia kwa Kiswahili chake cha fahari, "Hapa Mombasa, sasa, tutafuka kwa kifuko."

Mimi shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba kifuko ni mfuko mdogo. Sikujua bado kwamba Aabo, kama watu wengi wa kwetu, hutamka v kama f, na kwamba alikuwa akisema kivuko. Watu wa Mombasa wenyewe husema feri, lakini Aabo hangetumia neno jepesi penye neno zito. Nilimwuliza kama kifuko hicho kinatosha watu watatu. Akacheka, akasema kinatosha watu wengi sana, na magari juu. Nikaona ananifanyia mzaha kunificha jambo la kutisha.

Mambo mengine yalinithibitishia. Majirani waliposikia tunakwenda Mombasa waliuliza wote swali moja, nani anaumwa, kwa sababu kwetu mtu hakwenda mbali hivyo ila kwa hospitali au biashara. Hooyo, mama yangu, aliyekuwa akiuza maziwa sokoni na hakukosa neno la kumjibu mtu yeyote, aliwajibu kwa mkato kwamba hakuna mgonjwa, tunakwenda kutembea. Na kila Aabo alipofika kwenye Likoni katika maelezo yake, Hooyo alinyamaza. Aliinuka akaenda jikoni hata kama hakuna kilichokuwa jikoni. Mara mbili aliahirisha safari. Mara ya kwanza alisema ngamia wa kaka yake anakaribia kuzaa. Mara ya pili fundi hakuwa amemaliza kushona nguo yangu, ingawa nilikuwa nimeiona imekwisha na imepigwa pasi. Aabo hakubishana naye. Alifuta siku aliyoiandika kwenye karatasi, akaandika nyingine.

Nikafikia uamuzi kwamba Hooyo anaogopa kuingia kwenye mfuko, na kwamba Aabo anamsubiri apate ujasiri.

Basi nikaamua kujaribu kwanza mimi. Nyuma ya ghala kulikuwa na gunia la mahindi lililobaki nusu. Niliyamwaga mahindi, nikaingia, nikajikunja, nikavuta mdomo wa gunia juu ya kichwa na kuanza kuhesabu. Nilikuwa nimefika sitini na kitu Hooyo aliponikuta, kuku wakiwa wamenizunguka wakila mahindi. Nilingoja kofi. Aliponiuliza nafanya nini humo nikamwambia nafanya mazoezi ya safari, ili asiogope peke yake. Hakunielewa, ni wazi, kwa kuwa mimi nilikuwa nikisema habari ya mfuko na yeye akasikia habari nyingine kabisa. Alinitoa, akanipangusa vumbi, akanishika kwenye kifua chake muda mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida yake. Kesho yake akamwambia Aabo tutaondoka Jumamosi.

Wiki ile alipika nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kufunikwa kwa samli ili isiharibike. Alijaza mkebe mkubwa. Nilishangaa, maana sisi watatu tusingeweza kuumaliza hata kama treni ingekwama jangwani mwezi mzima.

Jumamosi tukapanda basi. Kwenye daraja la Mto Tana askari wakakagua vitambulisho kama siku zote, tukaendelea, na jioni Nairobi tukaingia stesheni. Ilikuwa ile treni ya zamani, iliyolala njiani. Daraja la pili wanawake walikaa chumba chao na wanaume chao, hivyo Aabo akaenda behewa jingine na karatasi yake imekunjwa mfukoni, akituambia kupitia dirishani tusisahau kula. Chumbani tulikuwa na akina mama wawili waliokwenda kumtazama mjukuu. Hooyo alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha kupima maziwa na kutaja bei. Walipomwuliza anatoka wapi alinitazama, nami nikajibu. Wakauliza tena, nikamgeuzia kwa Kisomali, akajibu, nikawarudishia kwa Kiswahili. Kufika saa ya kulala nilikuwa nimepitisha maneno mengi kinywani kwangu, na mmoja wa wale akina mama akanipa embe kwa kazi hiyo. Nililala nikijiona mtu mkubwa. Asubuhi nilipochungulia, nchi ilikuwa nyekundu, na kulikuwa na minazi, miti nisiyowahi kuiona ila kwenye kitabu.

Mpaka tulipofika kivukoni, sikuwa nimeusahau mfuko. Nilishuka kwenye gari nimekwishajaza pumzi. Kisha nikakiona chombo chenyewe. Kilikuja polepole, kikaangusha mlango wake kama ulimi, na ndani yake wakatoka watu, na watu, na mikokoteni, na lori la saruji, na basi zima lenye abiria. Niliachia pumzi. Nikafurahi mno, na papo hapo nikakimbia kumpa Hooyo habari.

Hooyo alikuwa ameketi kwenye benchi, mkebe mapajani. Feri ile ikajaa, ikaondoka. Ikaja nyingine. Aabo alisimama kando akisoma bango la onyo alilokuwa ameshalisoma. Feri ya pili nayo ikaondoka. Ya tatu ilipokuwa ikikaribia nikamshika mkono nikamwambia kwamba si mfuko, ni jahazi la chuma, hata lori linaingia, na kwamba asiogope maji.

"Siogopi maji, hooyo," akasema. Kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Namwogopa mtu."

Nikamwuliza mtu gani.

"Mdogo wangu. Anakaa ng'ambo ile."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nina habaryar, mama mdogo, anayeitwa Safia. Hooyo alinieleza kwa maneno machache, akitazama maji. Safia alikuwa ameolewa na seremala wa Likoni ambaye familia haikumtaka, na baada ya ndoa hiyo kaka zao walikataza jina lake lisitajwe. Ayeeyo alipougua Habaswein, Hooyo ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alikuwa na namba ya simu ya duka la karibu na Safia. Kaka zake wakamwambia asipige, naye hakupiga. Ayeeyo akafa, akazikwa, na Safia akaja kusikia habari ya kifo cha mama yake zaidi ya mwezi baadaye, kutoka kwa mfanyabiashara wa mbuzi aliyepita Likoni akidhani Safia ameshajua. Tangu hapo Hooyo alikuwa amemwandikia barua mbili kwa mkono wa Aabo. Hazikujibiwa.

Nikamwuliza kwa nini basi tulisema tunakwenda kutembea. Akasema kwa sababu mlango ule huenda usifunguliwe, na hakutaka nirudi Garissa nikiwa nimeona mlango tu. Alitaka niwe nimeona treni.

Niliuliza kile ambacho mtoto wa miaka tisa angetaka kujua, yaani kama habaryar atatupiga. Hooyo akacheka, cheko fupi lililomtoka bila kutarajia, akainuka, akajifunga mtandio wake vizuri. Tukaingia kwenye feri ya tatu. Sikumbuki bahari ya siku ile. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akinishika kifundo cha mkono, si kiganja, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi asiyemwamini.

Mlango ulifunguliwa. Aliyeufungua alikuwa mwanamke mwembamba, wa rangi ya maji ya kunde, mwenye pua ya Hooyo. Alituangalia mmoja mmoja. Hooyo akamwamkia kwa Kisomali, akamtaja kwa jina. Yule mwanamke akajibu kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka, "Karibuni. Piteni ndani mketi."

Ndani kulikuwa na mumewe, mtu mkimya mwenye unga wa mbao kwenye nyusi. Alimshika Aabo mkono kwa mikono yote miwili. Muda si muda ikaadhiniwa adhuhuri, wakatoka pamoja kwenda msikitini, na nadhani hakuna wanaume waliowahi kuifurahia adhana kuliko wale. Tukabaki Hooyo, Habaryar Safia, binti zake wawili wadogo mlangoni, na mimi. Mkebe wa nyirinyiri ulikuwa mezani. Hakuna aliyeugusa.

Hooyo akasema kwa Kisomali kwamba nyumba ni nzuri. Habaryar hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mamako asemaje?"

Nikaona mambo yote wazi. Maskini, habaryar yangu amekaa pwani mpaka amesahau Kisomali. Niliwahi kusikia watu wazima wakisema hivyo juu ya wale wanaohamia mbali. Nikajisogeza mbele kwenye kiti, nikakaa katikati yao, nikaanza kazi niliyojifunza kwenye treni. Anasema nyumba ni nzuri. Mwambie ashukuru Mungu. Anauliza watoto wanasoma darasa la ngapi. Mwambie huyu la pili, yule bado. Anasema barua zilifika? Mwambie zilifika.

Tulienda hivyo, dada wawili walionyonya ziwa moja, wakizungumza kupitia kwangu kama watu waliokutana sokoni. Hooyo aliona kilichokuwa kikifanyika, na alikikubali. Hakumwambia hata mara moja sema nami lugha yetu. Kila alichosema alinitazama mimi akakisema pole pole, ili nisikose. Nilimpenda sana kwa kunirahisishia kazi.

Kisha Hooyo akasema nimwambie kwamba namba ya simu alikuwa nayo. Kwamba kaka zake walimkataza, lakini miguu ilikuwa yake, na posta ilikuwa karibu. Nikasema hivyo hivyo. Habaryar alikuwa akikunja pindo la leso yake, akalikunjua, akalikunja tena.

Hooyo akasema, "Mwambie siku ya mwisho mama aliuliza, Asey amekunywa maji?"

Hilo lilikuwa jepesi. Nikageuka nikasema, "Anasema siku ya mwisho ayeeyo aliuliza kama mbuzi wake amekunywa maji."

Mikono ya Habaryar ikaacha leso. "Mbuzi gani?"

Hooyo hakuwa amesema zaidi, lakini hili nililijua mwenyewe, nikajibu bila kumwuliza. Nikamweleza kwamba ayeeyo alikuwa na mbuzi wa rangi nyekundu aliyeitwa Asey, maana ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kisomali, yule mwekundu. Ayeeyo mwenyewe alimchagua mbuzi huyo akiwa bado mchanga, akampa jina. Hakuruhusu auzwe, wala achinjwe, hata sikukuu, hata mwaka wa ukame. Jioni mbuzi wengine walirudi zizini peke yao, lakini Asey ilikuwa lazima ayeeyo atoke nje amwite kwa sauti, Asey, Asey, na haingii ndani kulala mpaka amwone amekunywa. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa namsaidia kumwita, likizo zote nilizokaa kule, na kwamba watoto tulimcheka ayeeyo kwa hilo.

Binti wale wawili mlangoni walikuwa wamemkodolea macho mama yao. Nikadhani nimekosea neno. Nilianza kutafuta katika kichwa changu kama mbuzi jike kwa Kiswahili ana jina jingine.

Habaryar Safia akamtazama Hooyo moja kwa moja, mara ya kwanza tangu tuingie. Akasema kwa Kisomali, Kisomali cha Habaswein kabisa, "Asey ni mimi. Ndivyo mama alivyoniita."

"Najua," Hooyo akasema. "Sote tulijua. Tulikaa tukijifanya anamwulizia mbuzi."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia amekunywa. Nilimwambia ameshafika nyumbani, amekunywa, amelala."

Habaryar akainuka akaenda jikoni. Tulisikia mtungi ukifunguliwa. Alirudi na glasi mbili za maji, akaketi, safari hii kwenye kochi alilokaa Hooyo, akamkabidhi moja. Yake akainywa yote hadi tone la mwisho, bila kupumzika, machozi yakimshuka shingoni. Hooyo alishika glasi yake kwa mikono miwili akimtazama akinywa. Mimi nilikuwa bado katikati ya chumba, kwenye kiti changu cha mkalimani, na hakuna aliyenihitaji tena.

Wanaume waliporudi walitukuta hivyo, wakarudi nje.

Malindi hatukuiona. Masalani pia hatukufika, na boti ya Mto Tana nilikuja kuipanda nikiwa mtu mzima, kwa shughuli nyingine. Ratiba ilisema tukae Likoni siku mbili, tukakaa hadi siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Asubuhi Aabo alikuwa akivuka na feri kwenda na kurudi, wakati mwingine mara tatu, kwa raha yake tu. Jioni akakaa karakanani na shemeji yake wakibishana juu ya maneno ya Kiswahili. Nilimwuliza kama amekasirika kwa kuwa mpango wake umevunjika. Akaniambia kwa lugha ya nyumbani kwamba alijua utavunjika tangu alipouchora. Miji mingine yote aliiweka ili Likoni isionekane imesimama peke yake.

Leo nafanya kazi ya kutafsiri mahakamani. Nakaa kati ya watu, nabeba maneno ya huyu nampelekea yule, na nimeapishwa kutopunguza wala kuongeza. Vijana wanaoanza kazi huniuliza kosa kubwa kabisa la mkalimani ni lipi, na huwa nawajibu kama vitabu vinavyosema, kwamba ni kuongeza lako. Sijawahi kumweleza hata mmoja wao juu ya mbuzi.

Kilichobaki nami zaidi ni mchana wa siku ya pili. Dada wale wawili walilala kwenye mkeka mmoja ukumbini, kichwa cha huyu miguuni mwa yule, wakiongea tangu adhuhuri hadi alasiri. Walitaja visima, watu, majina ya ngamia waliokufa zamani. Mara wanacheka, mara sauti inashuka kabisa. Binti za Habaryar hawakujua Kisomali hata neno. Walikuja wakaketi kando yangu, kila mmoja upande wake, na yule mkubwa akaninong'oneza, "Dada, wasemani?"

Nilisikia kila neno. Nikamwambia sijui.